Gari Yetu na Ile Mashine ya Marulo

Papa Neema wangu,

Usinune kwanza. Najua sauti uliyonirekodia kwenye simu ilinifikia zamani, na najua mwanaume akiuliza swali na mke wake akanyamaza, moyo unaanza kutafuta sababu mbaya. Unisamehe. Antena ya hapa Mushaki ilizimika tangu mapigano yaliposogea upande wa juu, halafu mdogo wake Neema akaanza kuota meno na homa, halafu nikawa nangoja nijue mwenyewe nitakujibu nini. Hiyo ya mwisho njo sababu yenyewe. Sikutaka kukujibu nusu.

Barua hii ataibeba Papa Muhindo, yule wa Butembo mwenye duka la chumvi na sabuni, asiyeweza kupita mbele ya kanisa bila kupunguza mwendo na kufanya alama ya msalaba. Siifungi kwa gundi. Kwenye bariere, pale wenye silaha wanapofunga njia, wataichana tu waone kama kuna kitu ndani. Basi atakayeifungua njiani aisome hadi mwisho, ni maneno ya mke kwa mume wake juu ya gari moja nzee. Asome, acheke akitaka, ila airudishe kwenye bahasha.

Ile sauti yako Neema ameikariri. Ulisema: "Mama Neema, hapa garaje tuko na mashine ya marulo, vyuma vya duara vinavyozunguka. Gari inapanda juu yake, wanaifunga minyororo, magurudumu inakimbia lakini gari iko palepale. Mashine inakuonyesha nguvu iko kiasi gani, na inapotelea wapi. Kisha tunafungua kile kisanduku cha akili ya moteri, tunakiandika upya polepole, kwa ile gari peke yake. Si programu ya kununua tayari. Ni kama nguo ya kushonewa. Muombe Papa Muhindo aniletee gari." Sasa mtoto wako akisukuma kopo lake mchangani anapiga kelele, "Inakimbia lakini iko palepale!" Majirani wanadhani ni wimbo wa shule.

Nilisikia furaha kwenye sauti yako, na mimi nilifurahi. Wewe uliyejifunza moteri ukiwa umelala chini ya malori ya watu, matope yakikuingia masikioni, leo uko Kampala mbele ya mashine ambayo hata hapa hatuna jina lake. Nilimwambia kila mtu. Hata yule mama anayeniuzia viazi nilimwambia, na yeye akauliza kama hiyo mashine inaweza kupima nguvu ya mume wake. Nikamwambia nitakuuliza.

Na usiku ule sikufikiria mashine. Nilifikiria njia ya Omate, kule kwenye machimbo.

Unakumbuka? Nguo zangu za harusi zilikuwa bado zinanukia sanduku. Tulikuwa tunapeleka chumvi, samaki wakavu na mabuti kwa wachimbaji, na mazuti, mafuta ya gari, yakatuishia katikati ya msitu wa Walikale. Tukamkuta mama mmoja kando ya njia, anauza mazuti kwenye bidoni zake. Ulimimina kidogo kwenye kiganja, ukanusa, ukasugua kwa kidole.

"Mama, haya mazuti umeibatiza?"

"Papa, hapa hakuna padri. Nunua ao acha."

"Imebatizwa, tena kwa maji mengi."

Halafu ukavua kofia. Ile nyeusi ya sufu nzito, uliyoivaa siku ya harusi yetu, ambayo kaka zangu walisema imekufanya ufanane na muntu wa serikali. Ukaigeuza, ukaishika kwenye mdomo wa tanki, ukaanza kumimina. Nilipiga kelele, "Kofia ya harusi!" Ukanijibu bila hata kunitazama, "Njo yenyewe. Kitambaa chepesi kinapitisha kila kitu. Hii iko nzito. Mazuti itapita, maji itabaki." Na maji yakabaki kweli, yanatikisika ndani ya kofia kama supu. Yule mama alicheka mpaka akaketi juu ya bidoni. "Jumapili utavaa nini, Papa?" Ukamwambia, "Nitavaa gari."

Nilikuwa nimekasirika na nikacheka. Hapo njo nilijua nimeolewa na nani.

Baada ya safari ile ukaanza kuirekebisha gari kwa njia yako. Bomba la kupumulia ukalipandisha kando ya kioo hadi juu ya paa, lisinywe maji ya mito. Nyuma ukaongeza vyuma vya springi, kwa sababu ulisema hapa kwetu gari haipandi mlima, inabeba mlima. Bomba la moshi ukalipanua. Basi. Ndani ya moteri hukugusa, na kisanduku cha akili hukukifungua. Nakumbuka ulivyopiga boneti kwa kiganja ukasema, "Sasa iko na mapafu mapya, lakini akili yake inafikiri bado iko na yale ya zamani." Kwa hiyo naelewa kwa nini unaililia mashine ya marulo. Ni neno ulilolianza siku ile, na unataka kulimaliza.

Na mimi pia ni kazi yako, Papa Neema. Ulinifundisha kuendesha kwenye malisho ya Mushaki, ng'ombe wakitutazama. Kila nilipozimisha moteri, yule mchungaji wa ng'ombe alikuwa anapaza sauti kutoka juu, "Papa Neema, unafundisha bibi ao unafundisha ng'ombe wangu?" Na wewe ukawa unaniambia polepole, "Muache. Usiangalie njia kwa macho tu. Sikiliza. Moteri inasema kabla haijakufa." Wanaume wengi hapa wangeona haya mke kushika usukani. Wewe ulikuwa unakaa upande wa abiria na kumpungia mkono kila muntu, kama uko kwenye sherehe.

Asubuhi tulipokimbia, ile ya kwanza, sijaisahau. Gari ilikuwa imejaa watu hadi juu ya paa, na milio ilikuwa nyuma ya kilima. Mmoja alikuwa anapiga paa kwa ngumi, "Ongeza! Ongeza, shofere!" Ukatoa kichwa dirishani ukamwambia, "Risasi siwezi kuishinda mbio. Shimo naweza." Na ukashuka hadi Sake kwa mwendo wa bibi-arusi, shimo kwa shimo, jiwe kwa jiwe. Hakuna aliyeanguka, hata wale wazee, hata kuku wa watu. Nilikuwa na mimba ya Neema. Nilikutazama mikono yako kwenye usukani na nikaacha kuogopa, nakuapia, niliacha kabisa.

Basi sauti yako ilipofika, nilitaka kusema ndiyo. Papa Muhindo naye alinisukuma. Gari yake ni ndugu ya gari yetu, na yeye alikuwa ameiwekea programu ya tayari huko mjini, ile wanayopachika bila kupima. Alisimama mbele ya mlango wangu, anajisifu.

"Mama Neema, peleka ile gari. Yangu sasa inapanda Mushaki kama mbuzi!"

"Na ule moshi mweusi, Papa Muhindo? Ukipita, nguo zangu nazifua tena."

"Moshi iko nyuma yangu. Mimi naangalia mbele."

Tulikubaliana. Angepanga safari, muntu wake aendeshe gari yake, yeye mwenyewe aendeshe yetu, wakuletee hadi mpakani.

Kabla ya safari hiyo niliteremka hadi Kirotshe kumchukua Mama Bahati, jirani yetu, aliyekuwa amejifungulia hospitalini. Kurudi, kwenye kupanda baada ya Sake, gari ilikataa. Nakanyaga, haiitikii. Moshi mweusi, na pumzi kama ya muntu mwenye pumu. Watu wote wakashuka isipokuwa Mama Bahati na kichanga chake. Unajua midomo ya watu wetu. "Mama Neema, gari yako iko kwenye kufunga?" Mwingine akasema, "Papa Neema alienda nayo nguvu yote Kampala!" Walisukuma wakicheka, na mimi ndani nilikuwa nasaga meno. Nilisema moyoni: kweli mume wangu yuko na haki. Hii gari inataka ile mashine. Nikafika nyumbani, nikaanza kutoa vitu vyetu ndani: blanketi ya mtoto, kopo, rozari ya mama yako.

Lakini asubuhi nilipofungua boneti ili nimwonyeshe Papa Muhindo mahali pa maji na mahali pa mafuta, nikakusikia. Si mzimu, usiogope. Nilikumbuka tu ulivyokuwa unawaambia wale wenye magari waliokuja wakidai nguvu: kabla ya kuomba nguvu mpya, tafuta ile iliyopotea. Basi nikachukua beseni la kumwogeshea mtoto, nikatengeneza povu la sabuni, nikamweka Papa Muhindo kwenye pedali.

"Kanyaga, Papa."

"Mama, unaogesha moteri?"

"Kanyaga."

Kwenye ule mpira mnene unaopeleka hewa kutoka kwa turbo, pale chini ya koliye, ile pete ya kuukazia, nilikuta pamelowa mafuta meusi. Nikapaka povu. Alipokanyaga sana, mapovu yakafura na kupasuka, yanafura na kupasuka. Mpira ulikuwa umechanika mwishoni. Hewa ambayo ungeitafuta huko Kampala ilikuwa inatoka hapa, mbele ya mlango wetu. Nilikata ule mwisho uliooza, nikausukuma mpira mpaka ukafika tena mahali pake, nikakaza koliye, na juu yake nikafunga kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu kama nguo ya kidonda. Halafu nikapanda mlima na mifuko ya chumvi ya Papa Muhindo nyuma, na watu juu yake. Hakuna aliyeshuka. "Eh, leo imekula!" walisema.

Papa Neema, nikaanza kujiuliza. Ile nguvu niliyokuwa nataka mashine inipe, kiasi gani ilikuwa ni nguvu yetu wenyewe inayovuja? Na kinachobaki, nilikifikiria kama ulivyonifundisha kufikiri. Ulisema mwenyewe kwamba gari iliyobadilishwa kidogo kama yetu inapata faida yake kubwa juu kule, moteri inapopiga kelele. Mimi huko sifiki. Mimi naishi na ile moteri huku chini, kwenye vitesi viwili vya kwanza, zile gia za polepole, matope kwenye magoti. Najua utasema hata huku chini mashine ingesaidia: moshi upungue, mazuti yapungue, moteri isichemke. Nakuamini, nguo ya kushonewa haiwezi kuwa sawa na ya kununua. Lakini fundi anapima mwili wenyewe. Huko mtapima gari yetu na mazuti safi ya pompi. Ikirudi hapa itakunywa haya yetu ya bidoni, yaliyobatizwa. Mtamshonea nani hiyo nguo?

Hapo bado sikuwa nimekata neno. Nilikuwa katikati. Kilichokata neno ni bariere, moja ambayo leo haipo tena, njo maana naweza kuiandika.

Tulikuwa tunatoka sokoni, Papa Muhindo mbele na gari yake, mimi nyuma, abiria wamejaa, Neema karibu yangu na mdogo wake mgongoni kwa msichana wa Mama Bahati. Wenye silaha walikuwa wameweka bariere mpya, kamba tu na jiwe. Sitasema ni wa upande gani. Anayesoma barua hii njiani anisamehe, siku hizi wanafanana. Mkubwa wao aliisikia gari ya Papa Muhindo kutoka mbali inavyonguruma.

"Mzee, hii gari inapanda?"

Muntu mwingine angejibu, inakohoa tu, Shefu. Lakini unamjua Papa Muhindo, gari yake ni kama mtoto aliyefaulu mtihani. Alisema kabla hajafikiri, "Kama mbuzi, Shefu!"

"Vizuri. Mbuzi itatusaidia."

Wakamshusha. Wakapakia vitu vyao, wakaondoka nayo kuelekea juu, na mpaka leo haijarudi. Papa Muhindo alibaki kando ya njia na funguo za duka mkononi, hata alama ya msalaba hakufanya.

Halafu yule mkubwa akaja kwangu, akaweka mkono juu ya bomba lako la kupumulia. "Na hii, mama?"

Kama angeichukua, mama yako, watoto, Mama Bahati na kichanga chake, siku ya kukimbia tungekimbia na nini? Nikasema, "Shefu, hii inabebaka wamama wajawazito. Ikifika mlimani, watu wanashuka."

Akageuka kwa abiria. "Ni kweli?"

Na wale wale walionicheka, Papa Neema, wale wale! Mmoja akapaza sauti, "Shefu, sisi njo moteri yake!" Mwingine, "Tunalipa ya kupanda na tunasukuma!" Mwingine akasema mume wa huyu mama alienda na nguvu yote Kampala. Hata wenye bunduki wakacheka. "Pita, mama. Pita na jeneza yako."

Nikaiwasha. Mbele yetu kulikuwa na kupanda, na gari ilikuwa na nguvu, mpira umeshika, ningepanda bila shida. Na ningeipoteza. Nikakanyaga pedali kidogo tu, kama nakanyaga yai, nikaiacha ijikokote na kulia. Na watu, bila mimi kusema neno, wakashuka wenyewe. Wakaweka mabega nyuma wakaanza kusukuma gari isiyotaka kusukumwa, wakiimba, wakilalamika, wakinitukana kwa sauti ili wale wasikie. "Mama, uza hii chuma ununue ng'ombe!" Mpaka tukazunguka kona. Hapo wakapanda tena, hakuna aliyecheka, na mmoja tu alisema kwa sauti ndogo, "Sasa twende." Nikakanyaga kama ulivyonifundisha, nikisikiliza, na gari ikapanda.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na usilichukue vibaya: gari haiji.

Sisemi kazi yako haina maana. Kama ungekuwa umeibadilishia turbo, umeigusa ndani, ningesema bila kupima ni hatari, ichukueni. Lakini kwa mambo matatu uliyoifanyia, wakati vita viko juu ya kilima, nguvu hiyo ya kuongezea hailingani na siku nitakazokaa bila gari, wala na macho ya watu wa bariere. Gari yetu inaishi kwa sababu inaonekana imechoka. Kidogo kama mimi.

Nimechoka, sifichi. Naamka na mtoto mgongoni, nalala na mtoto kifuani. Katikati yake naendesha. Wakati mwingine nakaa tu ndani ya gari iliyosimama, mikono pale mikono yako ilipokuwa, na napumzika kidogo. Halafu nashuka, kwa sababu kuna maharagwe ya kuchambua. Wewe uliyenifundisha bado unanifundisha, hata kutoka huko. Ulipandisha pua ya gari juu ya maji, ukaimarisha mgongo wake, ukamfundisha mke wako kusikiliza. Sijui mashine ya marulo inapimaje hivyo.

Siku njia itakapotulia, nitaileta mwenyewe. Nitakuletea na bidoni ya mazuti yetu ya hapa, yaliyobatizwa, ili mpime ukweli. Na pale juu ya marulo nitakanyaga mimi, kwa mguu huu huu, siyo mmoja wa vijana wa garaje. Hapo mshone nguo inayomfaa mwenyewe. Mpaka hapo, jifunze vizuri hiyo kazi. Jifunze yote, ili ukirudi tusiwe na haja ya kwenda mbali.

Mama yako anakusalimia, mguu wake umepona. Neema anasema, "Inakimbia lakini iko palepale." Nadhani anamaanisha wewe.

Papa Muhindo atapanda moto, pikipiki ya kukodi, kisha basi, na atarudi kwa njia hiyo hiyo, basi usimpe mzigo mzito. Mpe hivi: ule mpira mnene wa hewa ya turbo, mpya, wa gari yetu hasa na siyo wa inayofanana, koliye zake za chuma, zile za kukaza kwa bisibisi, filtri za mazuti, nyingi kadiri mfuko wake unavyoweza, dawa ya maji ya homa kwa mtoto mwenye meno, viatu vya Neema, mguu wake nimeuchora nyuma ya karatasi hii, ongeza nafasi ya kidole kwa sababu anakua.

Na kofia. Nyeusi, ya sufu, nzito. Ile ya harusi imetoboka katikati, maji sasa yanapita. Lakini usinitumie ikiwa mpya. Ivae kwanza, uende nayo ibadani, upite nayo mbele ya watu, wakuone. Nataka nikiishika kwenye mdomo wa tanki nijue kichwa chako kilikuwa ndani.

Mke wako,
Mama Neema